Mama Alipopungua Tofali Moja

Katika ofisi yetu ya mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, kuna kabati la chuma lenye droo kumi na mbili, na ndani ya kila droo yumo mama yangu. Amesimama kando ya ukuta. Droo hii yuko mbele ya nyumba ya mapadri, ile yuko mbele ya shule ya watawa, nyingine yuko mbele ya ghala la zamani kule Sakania, jua limemkunja uso, na baba hakuweza kurudia picha kwa sababu filamu ilikuwa imeisha. Hacheki katika picha yoyote. Amenyooka, mikono ubavuni, mgongo umegusa matofali, kama mtoto anayepimwa kliniki.

Mgeni akizikuta mezani huzidhania picha za familia, nasi humwacha adhani hivyo. Kwetu zilikuwa vipimo.

Baba ni msanifu majengo, na mimi na ndugu yangu mdogo tulifuata kazi yake kwa kukosa ubishi wa kutosha. Tunatengeneza nyumba za zamani: za matofali mekundu, zenye baraza refu na madirisha yenye upinde juu, zilizojengwa wakati babu zetu waliposhuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kutandika reli. Watu hupenda kututania kwa ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba haipendi. Husema watu wote wangekuwa wanaziba nyufa, sisi tungekula nini.

Kabla ya kuigusa nyumba ya zamani, lazima uichore kwanza jinsi ilivyo. Sehemu za chini unazipima kwa utepe. Huko juu, kwenye ncha ya upinde au ukingo wa paa, mara ngazi haifiki, mara ukuta wenyewe hauaminiki kuegemewa. Basi unasimamisha kando ya ukuta kitu ambacho urefu wake unaujua, unapiga picha, halafu mezani unafanya hesabu: ikiwa kitu hiki kina urefu huu, dirisha lile ni mara mbili yake. Wenzetu husimamisha ufito uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Baba alimsimamisha mama.

Ilianza kwa kusahau. Baba alikuwa kijana, mchoraji katika ofisi ya mtu mwingine, ametumwa kupima ukumbi mmoja wa zamani ulio karibu na reli, ukumbi ambamo wafanyakazi walikuwa wakifanyia harusi na dansi za Jumamosi. Ufito ulikuwa umebaki kwenye lori, na lori limekwisha ondoka. Kivulini walikuwepo wasichana wa kwaya wakingoja mazoezi. Alimwendea mmoja wao akamwomba asimame kidogo ukutani na asitikisike.

Mama aliisimulia habari hiyo kila mwaka mpya, mbele ya wageni, ili baba aone haya.

"Nilizania ananipenda," alikuwa akisema. "Kumbe alikosa muti ya kupimia tu."

Baada ya picha, baba alitoa utepe akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, mbele ya kwaya nzima iliyokuwa inacheka. Mita moja na sentimita sitini na mbili. Aliandika nyuma ya picha kwa penseli: *un mètre soixante-deux*. Hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kumpima mama. Hakuona sababu ya kurudia.

Nikikumbuka utoto wangu, naukumbuka nikiwa chini ya meza yake ya kuchorea. Ofisi ilikuwa sebule ya nyumba yetu, lakini makochi yalikwisha fukuzwa zamani. Baba alichora juu ya kalki, ile karatasi nyororo inayopitisha mwanga, na pande zake zilining'inia mpaka sakafuni, kwa hiyo nilikaa kama ndani ya hema. Alasiri ziliingia huko chini zikiwa zimepoa, rangi ya maziwa. Mwezi wa kumi maua ya jakaranda yalipeperushwa mpaka ndani, nami niliyaona yakipita upande wa pili wa karatasi kama vivuli vyepesi, na sikujua kama ni maua au ni mistari ya baba iliyoamua kutembea. Nadhani nililala sana huko. Mengi ninayosema hapa huenda niliyaota.

Ninachokumbuka kwa hakika ni kwamba tulidhani mji wote umejengwa kwa kipimo cha mama. Mnara wa kanisa ulikuwa mama kadhaa. Mwembe wa jirani ulikuwa mama watatu na nusu. Bomba la moshi la kiwandani, lile linaloonekana kutoka kila mtaa wa Lubumbashi, ndugu yangu alitangaza kuwa ni mama mia moja, nami nikampiga kofi kwa kusema uongo. Baadaye, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa na kujua kupiga hesabu za vivuli, niligundua kuwa hakukosea sana. Sijawahi kumwomba radhi.

Mama alifariki majira mawili ya mvua yaliyopita. Sitaki kueleza namna gani. Nitasema tu kwamba baada ya mazishi baba alirudi mezani siku ya nne, akachonga penseli zote, akazipanga, na hakuchora kitu kwa miezi.

Kilichomwinua ni ule ukumbi wa reli. Ulikuwa umefungwa miaka mingi, wenye nyumba wakigombania urithi, na mara moja tu, mwaka mmoja kabla ya mama kutuacha, mlinzi alitufungulia lango siku nzima tukaupima. Mama alisimama ukutani, palepale aliposimama akiwa msichana wa kwaya. Ilikuwa picha yake ya mwisho ya kazi. Baba alichora madirisha yote tisa kwa picha hiyo, kwa mkono, na mchoro ulikaa droo ya kumi na mbili ukingoja. Sasa parokia moja iliupata ukumbi, ikataka uwe mahali pa watoto kusomea, nasi tukapewa kazi. Baba aliposikia alivaa tai. Alisema ukumbi huo ukikamilika, yeye atafunga penseli, na sisi tutaendelea tupendavyo.

Ndugu yangu alihamisha mistari ya baba kwenye kompyuta, na michoro ikapelekwa kwa seremala wa Katuba pamoja na mbao za mulombwa, zile nyekundu ngumu ambazo siku hizi unazitafuta kama dawa. Tulizinunua zote zilizokuwepo. Zikiharibika, hakuna nyingine.

Wiki ile mafundi waliposimamisha jukwaa la miti, nilipanda na kile kidude chenye nukta nyekundu kinachopima kwa mwanga. Nilipanda kwa kuzurura tu, ukweli usemwe, maana napenda kuona mji kutoka juu: mabati, moshi, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Nikaweka kidude kwenye kizingiti cha dirisha la kwanza, nukta ikagusa ncha ya upinde. Mita tatu na sentimita kumi.

Mchoro ulisema mita tatu na ishirini na nne.

Nilipima tena. Nilihamia dirisha la pili, la tatu, nikafika la tisa nikiwa nimekwisha tukana kila mtu ninayemfahamu. Yote tisa yalikuwa mafupi kuliko mchoro, kwa kiasi kilekile. Nikampigia ndugu yangu nikiwa bado juu ya miti.

"Weye njo ulikosa," nilimwambia, kwamba yeye ndiye mwenye kosa, hata kabla ya salamu.

"Yaya, mi nilikopia tu kalke ya papa. Trait kwa trait, mustari kwa mustari." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Basi ulikopia mubaya."

"Kuya uangalie weye mwenyewe."

Kisha nikampigia seremala. Alikuwa amemaliza fremu moja, nzuri sana, alisema, upinde umekaa kama mgongo wa paka. Nane zilizobaki angeanza kuzikata Jumatatu asubuhi. Nilimwomba angoje.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Fremu yenye upinde huwezi kuipunguza kwa msumeno kama mguu wa meza. Ukiikata chini, upinde hauketi tena mahali pake, kwa sababu nao umechorwa mkubwa kuliko ule wa ukuta. Ukiikata juu, hakuna upinde. Ikiwa mchoro ni wa uongo na zile nane nazo zikikatwa Jumatatu, mbao zetu zote zimekwenda.

Nilirudi ofisini. Baba alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Nililinganisha kalki yake na kazi ya ndugu yangu, na kweli hakuna mstari uliohama. Nikatoa picha ya mwisho ya mama. Kisha nikaishusha ukutani, juu ya meza ya baba, ile picha ya kwanza, ya msichana wa kwaya, nikaziweka pamoja karibu na dirisha. Ukuta uleule. Dirisha lilelile. Baba alitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba ukipotewa na kipimo, hesabu matofali, kwa maana mtu husahau na karatasi hunyauka, lakini tofali halizeeki. Nikahesabu safu kutoka chini hadi utosini kwa mama.

Msichana wa kwaya alifika mwisho wa safu ya ishirini na mbili.

Mama yangu alifika ishirini na moja.

Nilihesabu mara tano. Halafu nikaketi sakafuni, chini ya meza, mahali pangu pa zamani, nikalia. Madirisha sikuyafikiria kabisa wakati huo.

Mambo madogo yalianza kunijia yenyewe, bila mpangilio. Msumari wa kuning'inizia chujio la kahawa, alioomba ushushwe. Vitenge vyake alivyokuwa akipindua upindo upya, jioni, akisema washonaji wa siku hizi hawajui kukata. Siku moja alipojinyoosha kuchukua sufuria juu ya kabati nikamtania, "Maman, unarudia mutoto?" Akanijibu bila kugeuka, "Minarudia polepole." Nikacheka. Wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Baba aliishi naye kwingi, na sisi pia, na hilo hatukuliona. Mama alikuwa akipungua taratibu, na katika michoro ya baba, ambamo mama hakupungua kamwe, nyumba za mji huu zilikuwa zikirefuka.

Ndugu yangu alikuja jioni nikamwonyesha. Alihesabu matofali yeye mwenyewe, mara mbili.

"Tuseme njo mi nilikosa," alisema mwishowe. "Tuseme ni ordinateur, kompyuta yangu. Papa atanigombeza, siku mbili, itaisha."

Nampenda sana ndugu yangu kwa neno lile. Na nilikaribia kukubali. Baba alikuwa na mambo mawili tu yaliyobaki ya kujivunia duniani: kwamba hakuna mchoro uliotoka mezani kwake ukiwa na kosa, na kwamba alimjua mke wake. Kumwambia ukweli kulikuwa kumnyang'anya yote mawili kwa pigo moja. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ndani ya kabati mlikuwa na nyumba nyingine za miaka ya mwisho zilizochorwa kwa ile mita moja na sitini na mbili, nyumba ambazo siku moja mtu atazitengeneza akiamini jina letu. Nani angezisahihisha kama baba hajui? Jumamosi nzima nilizunguka nyumba nikifua vitu visivyokuwa vichafu.

Jumapili baada ya misa alikaa mezani na chai yake, koti bado mwilini. Niliweka picha mbili mbele yake, na kioo cha kukuzia.

"Papa, hesabu matofali."

Alinitazama. Kisha akachukua penseli akaanza kwenye picha ya kwanza, ncha ikipanda safu kwa safu, midomo ikihesabu kwa Kifaransa kama alivyofundishwa na mabruda wa shule ya misheni. *Vingt-deux*, ishirini na mbili. Akahamia ya pili. Alipofika mwisho alirudi chini akaanza upya, polepole zaidi. Nje jirani alikuwa akichota maji, na nilisikia ndoo ikijaa yote.

"Ukuta ilishuka?" aliuliza.

"Hapana, papa. Nilipima. Musingi haikutikisika."

"Madirisha?"

"Mita tatu na kumi. Yote tisa."

Aliweka penseli chini, akainyoosha sambamba na ukingo wa meza.

"Donc njo yeye alipunguka."

"Njo yeye, papa."

"Tulikuwa tunalala pa kitanda moja," alisema. "Pa kitanda moja, kila siku. Mi minapimaka nyumba ya bantu bengine."

Nilitamani anigombeze. Badala yake alikichukua kioo na kuinamia tena picha ya mwisho, na nilidhani anahesabu mara ya tatu, lakini kioo kilikuwa kinashuka: kikapita uso, kikapita mikono, kikapita kitenge, kikasimama chini kabisa, mahali ambapo mimi, kwa kuhangaikia utosi, sikuwa nimepatazama hata kidogo.

"Kuya uangalie hapa."

Chini ya upindo wa kitenge zilionekana kandambili zake. Vidole vilikuwa vimekanyaga. Visigino vilikuwa hewani. Kati ya kisigino na kandambili palikuwa na mwanga, mwembamba, upana wa kidole.

"Aliinuka pa vidole," baba alisema. "Alijua. Alijua nitaandika un soixante-deux."

Alikuwa amejinyoosha, yule mama mwenye magoti mabovu, dakika zote zile baba alipokuwa akitafuta mwanga mzuri na kumwambia asitikisike. Alitaka kuifikia ile namba ya siku ya kwaya. Na bado akapungukiwa na tofali zima.

Baba alilia. Hata mazishini sikumwona akilia. Alikuwa akisalimia watu. Safari hii alilia akiwa amekishika kioo, na mimi nikamshika bega, na chai ikapoa.

Jumatatu alifunga tai tukaenda naye Katuba. Nilijitolea kuzungumza nikakatazwa. Seremala alikuwa ameegemeza ile fremu nzuri ukutani ili tuione, na baba aliizunguka kwanza, akapitisha kiganja kwenye upinde.

"Kazi iko muzuri sana," alisema. "Kosa iko yangu. Haiko ya batoto, haiko ya machine. Yangu."

Seremala alimtazama, akatazama chini kwenye vumbi la mbao.

"Papa, hata weye unakosaka?" alisema. "Basi mi leo nitalala muzuri."

Baba alicheka, kidogo. Fremu nane zilikatwa kwa kipimo kipya, na ya tisa ikaungwa kwa vipande vilivyobaki. Ile ya kwanza aliomba iletwe Bel-Air, na hadi leo imeegemea ukuta wa uani, haina kioo, haina nyumba. Kuku hupita ndani yake. Alasiri jua likilala huchora upinde mrefu mpaka mlangoni pa jikoni, na baba husogeza kiti chake kuufuata. Penseli hazijafungwa. Ameitoa michoro yote ya droo za mwisho na anaisahihisha, moja baada ya moja, akihesabu matofali. Na pembeni ya kila nyumba anaandika urefu wa mama wa mwaka ule. Anasema sasa nyumba ndizo zinampimia mke wake.

Wiki iliyofuata tulirudi ukumbini. Kidude changu kilikwisha maliza kazi yote, hatukuhitaji picha, lakini baba alikuja na kamera.

"Simama fasi yake," aliniambia, akinionyesha pale aliposimama mama.

Nilisimama. Matofali yalikuwa yameshika joto la asubuhi na niliyasikia mgongoni kupitia blauzi. Treni ilikuwa ikipita nyuma ya ukumbi, nzito, taratibu, na ukuta ulitetemeka kidogo sana. Baba alirudi nyuma hatua kumi, akasogea kushoto, akangoja wingu lipite. Nilimwona mdogo kule mbali, koti limemzidi mabega, na nikatamani picha yake itoke nzuri, nikajinyoosha.

Baba akaishusha kamera.

"Shusha visigino, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kama baba wa huku wanavyowaita binti zao. "Minataka urefu yako ile iko ya kweli."

Nikavishusha. Akapiga picha. Kisha akaja na utepe, akanipima kutoka utosini hadi chini, akaandika kwenye daftari, na pembeni ya kipimo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, akaandika tarehe.